Kutekwa kwa Kiazi cha Nyongeza katika Soko la Kibumba

Sogeeni, enyi mliowahi kusimama mbele ya muuza viazi ulimi ukawakauka. Sogeeni na ninyi mnaorudi kutoka sokoni mkapita uchochoroni ili majirani wasiwaulize mmenunua kwa bei gani. Acheni kwanza kutwanga majani ya sombe, punguzeni sauti ya redio, mpeni mtoto titi anyamaze. Habari inayokuja ni nzito, na walioishuhudia bado wako hai, wanaweza kuulizwa.

Palikuwa na mtu huko Birere, katika mji wa Goma, jina lake Aboubacar, fundi wa saa, mtuliza mishale, mfufua majira yaliyokufa, ambaye saa iliyonyamaza miaka kumi mikononi mwa wengine ilipofika mezani kwake ilikohoa mara moja ikaanza kutembea. Katika ufundi huo hakuwa na mpinzani toka ziwani hadi uwanja wa ndege. Lakini Mungu, agawaye vipaji kwa kipimo anachokijua mwenyewe, alimnyima mtu huyu silaha moja: hakujua kubishana bei. Akitajiwa bei ya nyanya, alisema ndiyo. Akiambiwa nusu ya nyanya zimeoza lakini bei ni ileile, alisema ndiyo, na akashukuru. Kwa sababu hiyo, katika miaka thelathini na sita ya ndoa yake, hakutumwa sokoni hata chumvi.

Vita vyote vya nyumba ile vilipiganwa na mkewe, Mama Alima, tishio la wachuuzi, mpasua bei, mwanamke ambaye akiingia sokoni Kituku wauza samaki walisogeza mizani yao nyuma kidogo kama watu wanaoficha mtoto. Kila alipopita aliacha ushindi. Isipokuwa mahali pamoja.

Mahali hapo palikuwa juu, kwenye baridi, katika soko la Kibumba. Huko aliketi Mama Nyiramahirwe, mkulima, mwenye viazi vyekundu vilivyopasuka vizuri sufuriani kuliko vya mtu mwingine yeyote. Sasa mnajua desturi: beseni likishajaa na mnunuzi akishalipa, muuzaji huongeza juu yake viazi viwili vitatu, ile nyongeza tuiitayo matabishi, ili watu waachane kwa wema. Wote huongeza. Nyiramahirwe hakuongeza. Miaka kumi na mmoja Mama Alima alipanda kila Jumanne kumkabili. Alijaribu sifa, akajaribu hasira, akajaribu kununa, mwaka mmoja akajaribu hata urafiki, na katika miaka yote hiyo hakupata nyongeza ya kiazi kimoja, hata cha ukubwa wa yai la njiwa.

Ikatukia Jumapili moja Mama Alima akateleza kwenye mawe meusi ya volkano mbele ya mlango wake mwenyewe, mguu ukateguka, kifundo kikavimba kama andazi. Na Alhamisi ilikuwa akika ya mjukuu wake wa kwanza wa kiume, mbuzi amekwisha kufungwa uani, wageni wamekwisha kualikwa, na wote waliahidiwa viazi vya Kibumba. Binti mmoja ndiye mzazi, hatoki. Binti wa pili anaishi mbali, katika mji wa Kiwanja. Mama Alima aliwahesabu watu wa nyumba yake mara mbili, na mara zote mbili hesabu ikaishia kwa mtu mmoja.

"Papa Aboubacar," alisema, mguu wake ukiwa juu ya kigoda, "kesho utapanda Kibumba."

Fundi akaondoa lenzi jichoni. "Mimi?"

"Hakuna mwingine. Utaenda kwa Nyiramahirwe, usiende kwa mutu mwingine. Mabeseni sita. Utalipa bei ya siku, utafunga magunia, utarudi. Nyongeza usiombe."

"Juu ya nini nisiombe?"

"Juu hautaweza," akasema Mama Alima. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anavyosema kwamba mvua imeanza. Na hicho ndicho kilichomchoma fundi wa saa, kwani tusi unaweza kulijibu, lakini mvua ikianza unaijibu nini?

Basi Jumanne asubuhi shujaa akajivika silaha. Akavaa koti la mkwe wake, lililomfika magotini. Akavaa kofia ya sufu. Akatia magunia mawili kwapani, na lenzi yake ya kazi katika mfuko wa kifuani, kwa kuwa askari haendi vitani bila chuma anachokifahamu. Mlangoni alisubiriwa na Habarurema, dereva wa pikipiki, baba wa watoto watano, mtu wa maneno machache. Wakaondoka.

Wakapita Kanyaruchinya na mahema yake ya wakimbizi, wakapita mashamba yaliyolimwa katikati ya mawe, na kutoka juu zikawashukia chukudu, zile baiskeli za mbao zisizo na pedali, zilizosheheni kabichi, zikipiga kelele kama jeshi la miguu ya mti, waendeshaji wake wakiinamia usukani kwa uso wa watu wasioweza kusimama hata wakitaka. Kadiri pikipiki ilivyopanda ndivyo joto la mjini lilivyowaaga, kwanza vidoleni, kisha masikioni, kisha katika meno ya Papa Aboubacar, yakaanza kugongana.

"Muzee," akasema Habarurema bila kugeuka, "unanishika sana. Siwezi kupumua."

"Nisamehe, mwanangu. Ni baridi."

"Ni baridi, ndiyo. Lakini na mimi nina mbavu."

Hayo ndiyo mashauri pekee yaliyofanyika njiani.

Soko lilikuwa limetandazwa mteremkoni, na ukungu ulikuwa umelikalia, hivi kwamba mtu alisikia mbuzi kabla ya kuwaona, na akaona kabichi kabla ya kumwona anayeziuza. Palikuwa na karoti zenye udongo wake, vitunguu, maziwa katika madumu ya manjano, na viazi, viazi, viazi, marundo kwa marundo, kama milima midogo iliyozaliwa na ule mkubwa wa volkano. Katikati ya safu, juu ya ndoo iliyogeuzwa, miguu katika mabuti ya mpira, mwavuli mweusi begani kama mkuki, aliketi Mama Nyiramahirwe. Mbele yake palikuwa na beseni la bluu. Alikuwa akikwangua matope ya buti lake kwa kijiti, na hakuinua kichwa.

Papa Aboubacar akasimama mbele yake, akavuta pumzi, akatoa hotuba aliyoitunga toka Kanyaruchinya.

"Amani iwe kwako, mama wa shamba lililobarikiwa. Nimetoka Birere kwenye joto, nimevuka mawe, nimevuka ukungu, sikusimama kwa muuzaji wa kwanza wala wa pili, kwa kuwa sifa za viazi vyako zimefika mpaka ziwani. Naomba mabeseni sita. Na juu ya mabeseni sita, kama moyo wako ungepanuka kidogo tu, naomba na kile kidogo ambacho watu wema huongeza."

Nyiramahirwe alimsikiliza mpaka mwisho. "Papa," akasema, "umesema muzuri sana. Beseni ni beseni."

Na hapo, enyi wasikilizaji, neno *ndiyo* likapanda kifuani mwa fundi wa saa, likapita kooni, likafika nyuma ya meno. Likasimama hapo. Papa Aboubacar akafumba mdomo, akalimeza likarudi lilikotoka. Hakuna aliyeuona ushindi huo, lakini ulikuwa mkubwa, nao tumeuandika.

Akashambulia mara ya pili. Akatoa lenzi mfukoni, akaibana jichoni, akachukua kiazi kimoja akakigeuza taratibu kwenye mwanga hafifu, kama anavyogeuza saa iliyoingia maji. Wauzaji wa jirani wakaacha mazungumzo yao. Mmoja, Mama Nabintu muuza kabichi, akasimama kabisa ili aone vizuri.

"Hiki," akatamka fundi baada ya muda mrefu, "kina jicho."

"Viazi viko na macho, papa," akajibu Nyiramahirwe. "Kisipokuwa na jicho hakiwezi kuota."

Safu nzima ikacheka, na lenzi ikarudi mfukoni.

Ikabaki silaha ya tatu, ile kubwa, aliyowahi kumsikia mkewe akiisifu mbele ya majirani: kuondoka. Unageuka, unakwenda polepole, usitazame nyuma, na kabla ya hatua ya kumi muuzaji atakuita. Papa Aboubacar akakunja magunia yake, akageuka, akaenda. Akahesabu hatua kumi. Kimya. Akahesabu ishirini. Akapita kabichi, akapita karoti, akapita mbuzi, na bado hakuna sauti iliyomwita, na kurudi kwa njia ileile ilikuwa aibu isiyobebeka. Basi akafanya jambo ambalo makamanda wakubwa hulifanya: akaizunguka ngome. Akashuka hadi mwisho wa soko, akazunguka nyuma ya kibanda cha maziwa, akapanda mteremko kwa magoti na mikono mahali palipoteleza, akaibukia upande wa pili, anahema, koti limejaa matope mpaka kwenye viwiko, akaja mbele ya ndoo ileile kana kwamba ndiyo kwanza anafika.

Nyiramahirwe akamtazama toka kofia mpaka viatu.

"Karibu, papa," akasema. "Unatafuta viazi?"

Kabla fundi hajapata jibu, mbingu zikaingilia kati. Mvua ya mlimani haitangulizi mjumbe. Ilishuka yote kwa pamoja, na upepo ukalibeba turubai la Nyiramahirwe, nguzo moja ikang'oka. Papa Aboubacar hakufikiri. Akayatupa magunia yake chini, akaidaka ile nguzo kwa mikono miwili, akaikita, akasimama nayo. Turubai likatulia. Nyiramahirwe akamvuta kwa mkono wa koti aingie ndani, na hivyo maadui wawili wakajikuta chini ya paa moja, mmoja ameketi, mwingine amekumbatia mti, maji yakitiririka kutoka kwenye kofia yake ya sufu mpaka ndani ya shingo.

"Nani alikutuma hapa?" akauliza Nyiramahirwe. "Wewe si mutu wa soko. Mutu wa soko hawezi kufanya vile umefanya."

"Nimetumwa na bibi yangu. Alima."

Kijiti kikasimama juu ya buti. "Alima wa Birere? Ule mwenye kugonga viazi na kidole, sawa mutu anapiga hodi?"

"Ndiye."

Mvua ilinyesha juu ya turubai. Nyiramahirwe aliposema tena, sauti yake ilikuwa nyingine. "Amekufa?"

"Hapana, hapana. Ameteguka mguu Jumapili. Atapona."

Mama yule akashusha pumzi iliyochukua muda mrefu kwisha. Akatazama njia iliyopotea katika mvua. "Toka asubuhi naangalia njia," akasema. "Nikasema, labda pikipiki imeharibika. Nikasema, labda amepata muuzaji mwingine. Angalia." Akafunua gunia lililokuwa nyuma yake. Chini yake palikuwa na rundo jingine, viazi vyekundu, vikavu, vilivyochaguliwa kimoja kimoja, vimelingana kama saa za duka moja. "Hizi siuzishie mutu. Kila Jumanne nawekaka hizi kwa sababu yake. Yeye hajue. Anafikiri zote ni vile."

Papa Aboubacar akatazama rundo, akamtazama mwenye rundo, na akili yake, iliyozoea kutafuta jino moja bovu katika gurudumu dogo, ikalitafuta hapa isilipate.

"Mama," akasema, "kama unamupenda hivi, juu ya nini miaka kumi na moja unamunyima kiazi kimoja?"

"Siku nitamupa," akasema Nyiramahirwe, "ataniletea nini tena? Atanunua, atasema asante, ataenda, sawa watu wote. Wewe hujue Jumanne yangu. Nauzisha, nanyamaza, nauzisha, nanyamaza. Halafu Alima anafika. Ananitukana shamba, anatukana beseni, anatukana hata mwavuli. Nikirudi nyumbani nacheka njiani peke yangu, watu wanafikiri nimekunywa. Sasa nimupe nyongeza, vita iishe?"

Shujaa wetu alielewa. Alielewa kwamba amekuja kubomoa ukuta ambao watu wawili walikuwa wakiuegemea, mmoja kila upande. Mtu mwingine angeuacha mti ule, angelipa, angekwenda zake. Lakini neno la mkewe lilikuwa bado limekaa kifuani, na maji yalikuwa yamefika mgongoni, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema bila hotuba.

"Siombi ya Alima," akasema. "Alima alinikataza kuomba. Alisema sitaweza."

"Alisema vile?"

"Vile vile. Na hakukosea. Nina miaka sitini na tatu. Hakuna mutu amekwisha kuniongezea kitu sokoni. Hata chumvi. Saa za watu natengeneza, wananiambia bei yao, nakubali. Nilitaka tu nijue inakuwaka namna gani."

Nyiramahirwe akaweka kijiti chini. Alichukua beseni la bluu, akapima kutoka rundo la nyuma, sita, kila moja limesawazishwa kwa kiganja mpaka likawa kama meza, hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua. Akajaza magunia, akayashona kwa kamba. Mvua ikapungua. Papa Aboubacar akaikita nguzo vizuri kwa jiwe, akaijaribu mara mbili kama haitikisiki, akalipa, akashukuru, wala hakuomba tena. Akainama ashike gunia la kwanza.

Ndipo Nyiramahirwe akasimama.

Wauzaji wa safu ile waliokuwa wakimfahamu kwa miaka walijua kwamba mama yule hasimami mpaka soko liishe. Alisimama. Akainama juu ya rundo, akaacha kikubwa, akaacha kidogo, akachukua kimoja, akakifuta matope kwa upindo wa kitenge chake, akakiweka katika kiganja cha fundi wa saa na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Hii ni yako," akasema. "Si ya Alima. Usichanganye katika gunia. Umuambie vile nimesema: hii ni ya Papa Aboubacar. Yake, bado."

Safu nzima ikageuza vichwa. Kisha Mama Nabintu, toka nyuma ya kabichi zake, akauliza kwa huruma ya kweli: "Nyiramahirwe, uko mugonjwa?"

Habarurema alikuwa akisubiri barabarani, amelowa, amenuna. Alifunga magunia nyuma ya pikipiki, akamwona abiria wake ameingiza mkono mmoja ndani ya koti, hautoki.

"Muzee, umeumia mukono?"

"Hapana. Nimeshika nyongeza."

"Ya nani?"

"Ya Nyiramahirwe."

Dereva akazima injini aliyokuwa amekwisha kuiwasha. Akaomba aone. Akaoneshwa. Akatikisa kichwa polepole, akasema kwamba mama yake mzazi alinunua kwa mwanamke yule miaka saba. Na walipoondoka, mtu yule aliyejulikana barabara nzima kwa mwendo wake wa kasi aliendesha taratibu, akikwepa kila jiwe, kama mwenye kumbeba bibi harusi.

Walifika Birere alasiri. Uani palikuwa na wanawake wanne waliokuja kumenya vitunguu vya akika, na katikati yao Mama Alima, mguu juu ya kigoda. Alifunguliwa magunia. Akagonga kiazi kimoja kwa kidole, akagonga cha pili, akachimba mpaka chini akagonga cha tatu. "Ni vyenyewe," akasema. "Asante, papa." Alikuwa amekwisha kurudi kwenye vitunguu vyake.

Papa Aboubacar akatoa mkono ndani ya koti, akakiweka kiazi juu ya kigoda, kando ya mguu uliovimba.

"Hiki kimeanguka njiani?" akauliza Mama Alima.

"Hapana. Nimepewa." Na kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu, akafikisha ujumbe neno kwa neno, bila kuupunguza: kwamba ni chake yeye, si cha Alima, kwamba kisichanganywe, kwamba cha Alima bado.

Visu vinne vikasimama juu ya vitunguu vinne. Mama Alima alikitazama kile kiazi kwa muda ambao jirani mmoja baadaye aliapa ulitosha kuchemsha chai. Hakukigusa. Alipoinua macho hakuuliza habari ya kiazi.

"Aliniulizia?"

"Alidhani umekufa."

"Akafanya nini?"

"Sauti ikambadilika. Nilipomwambia ni mguu tu, akapumua kama mtu aliyetua mzigo. Alikuwa akitazama njia toka asubuhi."

Habari ya rundo lililofichwa chini ya gunia hakuisema, wala hajaisema mpaka leo. Kuna magurudumu ambayo fundi mwenye akili akiyaona yanazunguka hayagusi.

Mama Alima akageuza uso kuelekea ukutani, na mabega yake yakatikisika kidogo, na wanawake hawakujua kama analia au anacheka, kwa sababu vitunguu vilikuwa vingi. "Yangu, bado," akasema kwa ukuta. "Amesema bado. Mwanamke yule hana haya." Akajigeuza, macho yakimng'aa kama ya msichana. "Jumanne ijayo naenda mwenyewe. Hata kwa fimbo. Hata kwa kubebwa."

Kisha akaagiza sufuria ndogo, ile ya uji wa mtoto. Akakiosha kile kiazi kwa mikono yake mwenyewe, akakitia na maganda yake, peke yake, kwenye jiko lake. Kilipoiva akakiweka kwenye sahani pamoja na chumvi, akasogeza kiti kando ya kigoda chake, akakipigapiga kwa kiganja ili mumewe akae.

"Sasa anza mwanzo," akasema mpasua bei, tishio la wachuuzi, mbele ya mashahidi wanne. "Usiruke kitu. Ulifika, yeye alikuwa ameketi. Wewe ulisimama wapi?"

Papa Aboubacar akamenya kiazi kwa ncha za vidole, akakichovya katika chumvi, akauma, akatafuna. Akaanza kusimulia. Alipofika mahali pa kuzunguka nyuma ya kibanda cha maziwa kwa magoti na mikono, aliombwa arudie mara tatu.

Basi na ijulikane, mpate kuwaambia na wengine: katika miaka kumi na mmoja ya vita vya Kibumba, ngome ile ilitoa kiazi kimoja, chekundu, cha ukubwa wa ngumi ya mtoto, nacho kilitolewa kwa hiari, siku ya Jumanne, mvua ikiwa imeanza kupungua, kwa fundi wa saa aliyekuwa amelowa mpaka mgongoni. Kililiwa chote.